Bi Kadija Ahudhuria Mhadhara

Ukitaka kumjua Bi Kadija wa Shauri Moyo, usihangaike kumtafuta nyumbani. Nenda Islii, kwenye lile jengo la maduka lenye milango miwili ya vioo, uingie kwa mlango wa wanawake. Utamkuta amesimama pale, buibui jeusi, kizibao cha ulinzi cha rangi ya chungwa juu yake, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Atakusalimu vizuri, "Karibu mama, habari za asubuhi," na kabla hujamaliza kuitikia, vidole vyake vimeshapita ndani ya mkoba wako, chini ya shuka la mtoto uliyembeba, na kwenye mfuko wa koti uliosahau kama unao. Ukitoka atakutaka risiti, aisome mstari kwa mstari kama barua ya posa.

Miaka kumi na saba anaifanya kazi hiyo. Ameshakuta simu ndani ya mkate. Ameshakuta vitenge vitatu vimezungushwa kiunoni mwa mwanamke aliyekuwa akilia msiba, na machozi yalikuwa ya kweli, na vitenge vilikuwa vya wizi. Tangu siku hiyo husema machozi si risiti. Na wewe unayeijua kazi unajua kwamba kazi haibaki kazini. Muuza maziwa akija mlangoni, Kadija huitikisa chupa kwanza. Imamu akitangaza mwezi umeandama, yeye hutoka nje kuutazama mwenyewe. Marehemu mumewe, Abdurahim, Mungu amrehemu, alikuwa akisema siku ya kiyama huyu mwanamke atamwomba malaika kitambulisho.

Lakini tusimwonee. Aliyataka ya kweli kwa watu, na yeye mwenyewe alikuwa wa kweli. Akichelewa kazini husema nimechelewa, nililala. Hakuwahi kusingizia mvua wala maradhi. Wenzake walimcheka kwa hilo, ila walipotaka shahidi wa jambo lolote, walimwita yeye, maana neno la Kadija lilikuwa halirudiwi mara mbili.

Ana mtoto mmoja tu, Rufaida. Binti huyo alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha mjini, wa kwanza katika ukoo mzima kukanyaga chuo, kuanzia akina bibi wa Majengo mpaka leo. Walikaa wawili katika chumba kimoja cha nyumba za baraza la jiji, pazia katikati. Kadija akimtazama Rufaida akivaa viatu asubuhi, moyo unamjaa. Halafu Rufaida akishapiga mswaki na kwenda msalani, mama mtu anaupapasa mkoba. Si kwa ubaya, jamani. Mkono umezoea.

Sasa ikawa Jumanne moja ya muhula wa pili, mkono ukakutana na ndapu. Ndapu za mpira, kandambili zile za bafuni, zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya daftari. Kadija akazirudisha kama alivyozikuta. Akajiuliza: mwanafunzi wa chuo kikuu, anakwenda kusikiliza mhadhara, anabeba ndapu za kuogea za nini?

Mkaguzi mzuri haulizi mlangoni, huacha mtu apite kidogo.

Jibu lilikuja na miguu yake jioni ya siku ya pili, na lilikuja kwa mdomo wa Mama Kweyu, jirani wa mlango wa tatu, anayeuza mapazia ya mitumba Gikomba na kupeleka mengine Islii. Mama Kweyu ni mwanamke mzuri, lakini habari ikimkaa tumboni humsokota.

"Mama Rufaida," akasema, amejishika kidevu, "mimi si mtu wa maneno, unanijua."

"Nakujua," Kadija akajibu, na alimjua kweli.

"Jana saa tatu asubuhi nilikuwa napeleka mapazia kwa ile lojing'i ya wageni ya rangi ya waridi, nyuma ya Fasti Avenyu. Nani nikamwona anapanda ngazi? Msichana wetu. Na vijana wawili nyuma yake. Nikasema labda macho yangu. Lakini ile skafu ya kijani nilimuuzia mimi mwenyewe."

Saa tatu asubuhi, Jumanne. Na Kadija alikuwa na ratiba ya mwanawe ukutani, karibu na kalenda ya msikiti: Jumanne, saa mbili hadi saa nne, Takwimu, Ukumbi Mkuu. Loo! Lojing'i, ngazi, vijana wawili, ndapu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hili lilikuwa limeshapanda ngazi.

Usiku ule, wakila maharagwe na chapati, akamtega.

"Jana mhadhara ulikuwaje?"

"Ulikuwa sawa, mama."

"Mwalimu alifika?"

"Alifika." Rufaida alikuwa anakata chapati vipande vidogo vidogo. "Kwani?"

"Naulizia tu. Mama hawezi kuulizia?"

Rufaida akainua simu, akamwonyesha picha. Ilikuwa picha ya karatasi ya mahudhurio, ile inayozungushwa ukumbini kila mwanafunzi atie sahihi, na katikati ya majina limo lake, Rufaida Abdurahim, na sahihi mbele yake. Hakuombwa, aliitoa mwenyewe. Na wewe uniambie, ni nani anayekuonyesha risiti kabla hujamwomba? Kadija akaisogeza simu karibu na miwani. Sahihi ya mwanawe aliijua tangu kitambulisho chake cha kwanza: huanza kwa kona kali na kuishia na mkia mfupi. Hii hapa ilikuwa ya mviringo, ya mkono mlegevu, ina mkia kama wa paka.

"Nzuri," akasema, akamrudishia simu.

Ningekuwa mimi, ningesema pale pale: mwanangu, hii si sahihi yako, niambie. Lakini mimi sijakaa mlangoni miaka kumi na saba. Kadija alitaka kumshika mtu na mali mkononi. Kwa hiyo Jumanne iliyofuata alimwambia msimamizi wake, "Leo siji asubuhi, nina shughuli ya mtoto," akamwacha Rufaida atangulie, kisha yeye akashika njia ya mjini kwa miguu, mkoba kwapani, dua mdomoni.

Walinzi wa lango la chuo hawakumsumbua. Walinzi wa Nairobi hujuana kwa viatu. Mmoja akamwelekeza Ukumbi Mkuu, akacheka, "Wahi mama, kule viti ni vita."

Na kweli vilikuwa vita. Ukumbi una viti mia tatu na hamsini, wanafunzi wa somo lile ni mia sita na ushei, maana vitivo vitatu vimetupwa pamoja kama nguo za kufua. Wengine wamekaa kwenye ngazi, wengine madirishani, wengine wamesimama nje ya mlango wakichungulia. Kadija alipenya kwa nyuma, juu kabisa, kwa kuwa ukumbi ulipandishwa ngazi ngazi, na wa nyuma anaona mapaja ya wa mbele. Kijana mmoja mrefu akamhurumia, akasogeza begi.

"Kaa hapa, mathe. Umerudi shule?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Kusikiliza?" Kijana akacheka, akasema anaitwa Opicho. "Basi ungekaa kule mbele. Hapa nyuma hatusikilizi, mathe. Hapa tunahudhuria."

Mbele kule chini kabisa alikuwa mwalimu, Daktari Mureithi, mtu mfupi mwenye koti la kahawia, anasoma maandishi yaliyomulikwa ukutani. Kipaza sauti kilikuwa kikikata: maneno mawili, kimya, neno moja, mngurumo. Kadija akatega sikio kwa dakika kumi, hakushika kitu. Akageuka kwa Opicho.

"Na kama hamsikii, mnakuja kufanya nini?"

"Karatasi, mathe. Sheria ni robo tatu. Ukikosa mara nyingi, mtihani unauangalia kwa dirisha. Na hapa kuna intaneti ya bure." Akamwonyesha mpira wa miguu ukichezwa kwenye simu yake.

"Na wasiokuja?"

"Kila mtu ako na sababu yake. Kuna wa kazi, kuna wa usingizi. Kuna wenye wanasema noti zote zilishatumwa kwa simu, sasa utoke Baba Dogo saa kumi na moja asubuhi uje usomewe kitu uko nayo mfukoni? Na kuna wenye walijaribu, wakachoka." Akaelekeza kidole. Safu tano chini yao msichana mmoja alikuwa ameinua mkono. Ameuinua, ameubadilisha, ameuegemeza kwa mkono wa pili. Mwalimu hakuinua macho. Msichana akaushusha. "Ona huyo. Ako na swali tangu wiki jana."

Kadija hakumjali msichana wa mkono, macho yake yalikuwa yakitafuta skafu ya kijani, safu kwa safu, kama anavyotafuta simu ndani ya mkate. Haikuwepo. Akarudia. Haikuwepo. Basi ni kweli, akasema moyoni, na ukweli ule ulimchoma na kumridhisha pamoja, Mungu amsamehe.

Ndipo karatasi ikafika safu mbili mbele yake. Msichana wa hijabu ya hudhurungi akaiweka pajani. Kadija akaona mkono wa kushoto wa msichana una kalamu kati ya kila kidole: nyeusi, buluu, buluu ya kuiva, ya wino mzito. Akasaini kwa nyeusi. Akashuka mistari kadhaa, akachukua buluu, akapinda kiwiko, akasaini tena. Tena. Tena. Mara nane, Kadija alihesabu. Na mara ya tano, Wallahi aliiona kwa macho yake mawili na miwani yake, ilikuwa sahihi yenye mkia wa paka.

Hapa nataka unielewe. Kadija hakufikiri. Kama angefikiri nusu dakika, hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini mwili wa mlinzi hutangulia akili yake. Alishuka ngazi mbili, akaudaka mkono wa yule msichana kalamu zikiwa humo humo, akaunyanyua juu, na akatoa ile sauti yake ya mlangoni inayosimamisha mpaka wapita njia:

"Simama hapo hapo! Usiguse kitu!"

Ukumbi mzima ukanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Daktari Mureithi akainua macho.

"Kuna nini huko juu?"

"Huyu amesaini majina manane!" Kadija akapaza. "Anamsainia na mwanangu, Rufaida Abdurahim, na mwanangu hayumo humu!"

Msichana akageuka. Lo salale! Alikuwa Abrar, rafiki wa Rufaida, aliyekula pilau nyumbani kwake siku ya Idi na kuosha vyombo bila kuombwa.

"Mama?" Abrar akasema. "Mama, ni wewe?"

Kilichofuata kilikuwa vurugu. Wenye marafiki waliosainiwa walianza kupiga simu, wengine wakakimbilia mlangoni, wa nje wakaingia kujaza majina yao. Mwalimu aliita, "Rufaida Abdurahim! Yupo?" lakini kipaza sauti kilikuwa kimekufa kabisa, na kelele zile hata angekuwepo asingesikika. Akapanda mwenyewe, akaitwaa karatasi, akaandika namba ya simu ya Kadija.

"Asante, mama," akasema. "Tunahitaji wazazi kama wewe. Asiyehudhuria akasainiwa, hafanyi mtihani wangu. Anarudia mwaka ujao."

Kadija alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, kama anavyomkubalia meneja. Kichwa kikasimama katikati. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwanawe ndiye asiyefanya. Na aliyemshitaki ni nani? Yeye, mama mzazi, mbele ya watu mia sita.

Nje ya ukumbi Abrar alikuwa akilia waziwazi.

"Umetuua, mama. Sote nane umetuua."

"Yuko wapi Rufaida? Yuko lojing'i na nani?" Kadija alikuwa bado na moto. "Niambie kabla sijafika mwenyewe!"

Abrar akajifuta uso. "Njoo basi. Njoo umwone huyo mwanao."

Walitembea kwa haraka hadi Islii, wakaingia nyuma ya Fasti Avenyu, kwenye jengo la rangi ya waridi. Mwenye lojing'i, Hamse, alikuwa mezani. Alimwamkia Abrar "Habari, mpwa wangu," akamwamkia Kadija kwa heshima, na Kadija akamtazama kama unavyomtazama mtu anayeuza dhahabu kwenye kona. Wakapanda. Kila ngazi Kadija aliandaa neno la kumwambia Rufaida, na kila neno lilikuwa baya kuliko la nyuma yake.

Mlango ulikuwa wazi. Kilikuwa chumba cha kulia cha wageni, ambacho baada ya chai ya asubuhi hukaa bure hadi mchana. Viatu vimepangwa mlangoni kwa sababu ya zulia. Vijana sita wamekaa chini, wavulana kwa wasichana, madaftari magotini. Na Rufaida, ndapu miguuni, amesimama upande usio na zulia, ambako sakafu ililowa maji ya sinki, anaandika kwa kalamu ya wino kwenye vigae vyeupe vya ukuta.

"Muoki, usiruke," alikuwa akisema. "Umepataje hapa? Nieleze kama unamweleza nyanya yako."

Kijana aitwaye Muoki akaeleza, akakosea, wakacheka, akaanza upya, akapatia. Rufaida akapiga makofi. Kadija hakuwahi kumwona mwanawe na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu mwenye nyumba yake.

Kisha Rufaida akageuka, akawaona. Akamwona mama yake, akamwona Abrar na macho mekundu, na kalamu ikashuka.

"Umefanya nini, mama?" akauliza. Hakuuliza umefikaje. Aliuliza umefanya nini.

Abrar ndiye aliyesimulia. Walikuwa kama chama cha akina mama, ila badala ya kupokezana pesa walipokezana kuhudhuria. Kila Jumanne mmoja anakwenda ukumbini, zamu ya wiki mbili mbili: anasaini, anapiga picha ubao, anarekodi sauti. Saba wanabaki hapa, wanaisoma mada polepole, na anayeongoza ni Rufaida. Muoki alikuwa ameanguka sehemu ya kwanza ya somo hili mara mbili. Muhula uliopita alipita. Wote nane walipita.

"Mbona hukuniambia?" Kadija akauliza, na sauti ilikuwa imepoteza kizibao chake cha ulinzi.

"Nilikuambia." Rufaida hakupandisha sauti. "Mwaka wa kwanza, mwezi wa kwanza. Nilikuambia mama, kule sisikii, sionekani, nainua mkono hadi bega linauma. Ulinijibu nini?"

Kadija alikumbuka. Alikuwa amejibu kwamba mvivu hakosi kisingizio, akamwuliza wenzake waliosoma humo waliwezaje. Aliyasema akipanga sahani, bila hata kugeuka.

Wiki iliyofuata nyumba ile ya Shauri Moyo ilikuwa na watu wawili na maneno kumi kwa siku. Rufaida alisalimu, alifua, alisoma upande wake wa pazia. Barua ikaja, na idara ilikuwa imeshayapata majina yote manane kwa kuuliza nani huandamana na nani: wanafunzi wanane wanaitwa mbele ya kamati ya idara, na Bi Kadija anaitwa kama shahidi. Jioni moja Abrar akaja, akapiga magoti mlangoni kama mwali.

"Mama, nakuomba. Zile sahihi ni za kalamu tofauti, hawawezi kujua nani kasaini wapi. Na ukumbini hakuna aliyetambua nani yupo nani hayupo. Shahidi ni wewe peke yako. Ukisema ulikosea, basi yameisha. Sisi sote tutasema tulikuwepo."

"Inuka, mwanangu," Kadija akasema. "Mimi uongo sijui kusema. Nikianza leo, kesho nitasimamaje pale mlangoni? Nitasema nilichokiona."

Upande wa pili wa pazia ukurasa wa kitabu uligeuzwa. Abrar akaondoka bila kunywa chai.

Siku ya kamati waliwekwa kwenye benchi la ghorofa ya kwanza, simu zikakusanywa kwenye kikapu. Karani akaita shahidi kwanza. Ndani walikuwa watatu, Daktari Mureithi katikati. Alifungua faili, akatoa picha nane ndogo za wanafunzi, akazipanga mezani.

"Bi Kadija, tunakushukuru. Hebu nisaidie kwanza. Mwanao ni yupi hapa?"

Kadija alidhani anataniwa. "Humjui, mwalimu?"

"Wanafunzi ni wengi, mama."

"Umemfundisha mwaka na nusu."

"Ni wengi," akarudia, na kwa kweli alionekana mtu aliyechoka, si mtu mbaya. Kidole chake kikatua juu ya picha moja. "Ni huyu?"

Alikuwa ameweka kidole juu ya Abrar.

Kadija akaitazama picha ya mwanawe, ya tatu kutoka kushoto. Akamwona amekaa safu ya thelathini, ameinua mkono, ameubadilisha, ameuegemeza. Mwaka mzima. Akirudi nyumbani, kuna mtu mwingine tena asiyemsikia, anapanga sahani. Uchungu ukampanda kutoka miguuni, na ulimi wake, ule ambao haukuwahi kusingizia hata mvua, ukawa mzito kama umefungwa jiwe.

"Nilikosea," akasema.

"Unasemaje?"

"Nilikosea, mwalimu. Miwani hii ni ya kusomea, mbali sioni vizuri. Mwanangu alikuwepo, alikuwa amekaa kwenye ngazi za upande wa pili. Na yule msichana alikuwa anajaribu kalamu zisizoandika. Nilidhani ni wizi, kwa sababu ya kazi yangu. Nisameheni."

Walimwuliza mara tatu. Mara tatu akajibu vile vile, macho makavu, mikono pajani. Mama mmoja wa kamati akafunga kalamu yake na kusema kama ni hivyo hakuna kesi, wawasikilize tu watoto kwa utaratibu. Kadija akatolewa kwa mlango wa pili, akashushwa chini hadi uani, akakaa kwenye ukingo wa maua. Alijua amesema uongo. Lakini nitakuambia ukweli, alikuwa na furaha pia, furaha ya ajabu, kama mtu aliyembeba mtoto akavuka naye mto. Alipanga njiani atanunua nyama.

Vijana walishuka mmoja mmoja. Muoki alishuka akitabasamu kwa woga. Abrar alishuka, akaubusu mkono wa Kadija, akaenda zake. Rufaida alikuwa wa mwisho. Alishuka polepole, uso mweupe kama unga, karatasi mkononi.

"Twende, mama," akasema.

Walitoka langoni, wakafika hadi mzunguko wa barabara, ndipo Kadija aliposhindwa kujizuia.

"Wamesemaje? Yamekwisha?"

"Yamekwisha. Wenzangu wote wamesamehewa, hata Abrar amepewa onyo tu." Rufaida alikuwa akitazama mbele. "Mimi takwimu narudia mwaka ujao."

Kadija akasimama. Watu wakawapita huku na huku, mwanamke mwenye beseni la mahindi akawakwepa akitukana.

"Unarudia nini? Haiwezekani! Mimi nimewaambia nilikosea! Nimewaambia ulikuwepo, umekaa kwenye ngazi!"

Rufaida akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nane akamtazama mama yake usoni.

"Wewe? Wewe umesema hivyo?"

"Wallahi nimesema."

"Mama." Rufaida aliikunja ile karatasi. "Mimi nilikusikia ukimwambia Abrar. Nikajua umeshawaeleza yote. Nikaona tukikana sote tutakuwa waongo nane mbele ya shahidi mmoja wa kweli. Kwa hiyo nilipoingia sikungoja waniulize. Niliwaambia mimi sikuwepo, mimi peke yangu, na ni mimi niliyemlazimisha Abrar anisainie, na wengine walikuwepo."

"Hawakukuambia nimesema nini?"

"Yule mwalimu alitaka kuniambia. Nilimkatiza."

Kadija akashika ukingo wa uzio wa barabara. Alitafuta wa kumlaumu, akamtafuta Mama Kweyu, akamtafuta mwalimu na kipaza sauti chake, hakumpata.

"Nilipotoka nilitolewa kwa mlango mwingine," akasema taratibu. "Kama ningekuona pale kwenye benchi, nikakunong'oneza kwamba nimekutetea. Ungeniamini?"

Rufaida alifikiria kwa haki kabisa, kama alivyofikiria kila swali aliloulizwa maishani mwake.

"Hapana, mama," akasema.